Nafasi ya Jina la Mtoto wa Kapteni

Kisiwa cha Orléans, 14 Novemba 1684

Bwana Lesourd ameniachia karatasi hizi, kalamu mbili na wino ndani ya chupa ya dawa. Amesema niandike kila siku mtoto amenyonya mara ngapi, amelala vipi na choo chake kina rangi gani, ili mama yake, Bibi de Montaubray, asome barafu itakapoisha. Masista walinifundisha kuandika miaka miwili tu kabla mama yangu hajafa, kwa hiyo Bibi asitegemee mwandiko mzuri.

Mtoto ni wa kiume, ana siku kumi na mbili. Amekuja na mtumbwi wa mwisho, amezongwa nguo mpaka shingoni, mwekundu kama kiazi sukari. Jina hana. Mkunga alimmwagia maji ya ubatizo siku ileile aliyozaliwa, roho yake iko salama. Ila jina linangoja sherehe, na sherehe inamngoja baba yake arudi kutoka nchi za magharibi, tena Gavana mwenyewe awe baba wa ubatizo. Mambo ya wakubwa hayo. Bwana Lesourd, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba yao huko mjini Kebeki, ameniambia niache nafasi ya jina hapa juu. Nimeiacha, upana wa vidole vitatu.

Baba yake ni Kapteni de Montaubray. Nani asiyemjua? Padre humwombea kila Jumapili mara tu baada ya Mfalme. Ndiye aliyefika kule ambako mito inageuka na kuelekea kusini, akarudi na ramani. Mume wangu Mathurin alimpigia kasia safari nzima, lakini haisimulii. Mtu mwingine angekuwa anakula bure kila harusi kwa hadithi hiyo moja.

Masharti yangu ni haya. Nisile samaki wa chumvi. Nisikasirike. Nisilale na mume wangu. Nikishika mimba niseme siku hiyohiyo, maana maziwa ya mwenye mimba humbemenda mtoto.

"Na mimi nilale wapi, Bwana Lesourd?" Mathurin akauliza pale mlangoni. "Kwa ng'ombe?"

"Ukipenda," akajibu bila kucheka. "Ng'ombe hayumo kwenye masharti."

15 Novemba

Amenyonya mara tisa. Choo cha njano.

16 Novemba

Mara kumi. Toinette wangu, ambaye nimemwachisha jana ili kumpisha mgeni, amelia siku nzima. Ana miezi kumi na moja. Anasimama kwa kushika sketi yangu na kunipiga gotini kwa ngumi. Mama mkwe anampa uji wa mkate na maziwa ya ng'ombe. Anautema.

21 Novemba

Mara nane. Theluji.

2 Desemba

Mto Mkuu umeanza kubeba vipande vya barafu, vikubwa kama mapaa ya nyumba. Mtumbwi haupiti, na sleji ya kuteleza juu ya barafu bado haiwezi. Itakuwa hivi mpaka baada ya Noeli. Hakuna kwenda mjini wala kuja. Ikiwa mtoto ataugua sasa, atakuwa wangu peke yangu.

Nasikia vile vipande vikigongana nikiwa hapa mezani.

3 Desemba

Mara tisa. Sikulala vizuri.

4 Desemba

Mara tisa.

10 Desemba

Tunamwita Bwana Mdogo, kwa sababu lazima umwite mtu kitu fulani. Mama mkwe, Mama Guillemette, anamwambia, "Haya, Bwana Mdogo, toa upepo, hapa hakuna Gavana." Naye anatoa. Amenenepa. Akinyonya ananishika kidole na kunitazama kwa makini, kana kwamba ananikagua.

Mathurin hamshiki. Ukimpa anasema mikono yake ina lami. Hata siku ambayo haina.

17 Desemba

Hii karatasi Bibi hataisoma. Nitaandika nyingine safi kabla ya masika, yenye hesabu ya kunyonya tu.

Kitanda tulicho nacho ni kimoja. Baridi ya Majilio mwaka huu inapasua magogo huko nje, unasikia mlio. Sitaandika zaidi.

25 Desemba

Noeli. Mara kumi na moja! Padre amemwombea Kapteni. Nilimwangalia Mathurin. Alikuwa anakagua soli ya kiatu chake.

8 Januari

Barafu imeshika. Kila mwenye shamba linalotazama mto hutakiwa kusimika misonobari michanga kwenye barafu mbele ya kwake, ili watu waione njia theluji ikipeperuka. Mathurin amemaliza yetu asubuhi hii. Jirani yetu Gervais hajasimika hata mmoja.

"Nitasimika kesho, ndugu yangu," anasema. "Mgongo."

"Mgongo wako unauma tangu Mfalme akiwa mtoto," Mama mkwe akamjibu. "Mtu akizama hapo kwako, uende wewe na mgongo wako mkamtoe."

19 Januari

Lazima niliandike hili mahali fulani.

Siku zangu zilirudi Septemba. Zikaja Oktoba, zikaja Novemba. Desemba hazikuja, nikasema ni kwa sababu ya kunyonyesha mtoto mchanga. Januari hii pia hazikuja. Na leo Mama mkwe alipofungua pipa la samaki nilikimbilia nje.

Niliposimama pale kwenye theluji nilimsikia Bwana Mdogo akiamka. Hakulia. Anapoamka huwa anaongea kwanza, maneno yake mwenyewe, halafu ndipo anaita.

Nilimpa titi. Ningempa nini?

20 Januari

Mara tisa. Choo cha njano. Naandika rangi kwa sababu sasa naiangalia kama hakimu.

22 Januari

Mathurin alikuwa anapura ngano ghalani, nikampelekea supu ya njegere. Nikamuuliza waziwazi kwa nini hajawahi kumshika yule mtoto. Nilidhani ni wivu wa kiume, kwa sababu ya masharti.

Aliweka fimbo ya kupuria chini. Akala nusu ya supu kwanza.

"Toussaint hakufa kwa homa ya siku moja," akasema.

Toussaint ni mdogo wake. Alikwenda naye safari ile ya Kapteni, akiwa na miaka ishirini, na hakurudi. Mimi sikuwahi kumwona, niliolewa baadaye. Nyumbani wanasema homa ilimchukua asubuhi, jioni akawa amezikwa na kuombewa.

"Alikuwa na homa, ndiyo. Hakuweza kukaa mtumbwini. Kapteni akasema tukingoja hapa theluji itatufunga wote. Tukamwachia sufuria, jiwe la kuwashia moto na blanketi langu. Kapteni alimshika mkono. Akamwambia, 'Siku nane, kijana wangu, tunarudi.' Alisema kwa upole kabisa, Mama Toinette. Ungemwamini na wewe. Tukarudi kwa mto mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nilipiga kasia."

Kisha akaniuliza kama supu imebaki. Nikamwambia imebaki. Mama yake hajui, akasema, na asijue.

Kwa hiyo Jumapili tunasimama wote watatu na kumwombea Kapteni kwa jina. Na mimi nina mtoto wake kifuani. Nimetafuta hasira ya kumpa huyu mtoto, sikuipata. Ana tabia ya kupiga chafya akitazama moto.

30 Januari

Ametapika mara mbili.

31 Januari

Ametapika baada ya kila titi. Choo cha kijani.

1 Februari

Kijani. Analitema titi, analirudia, analitema tena. Ndivyo wanavyosema huanza.

3 Februari

Mama mkwe alimpa maji ya shamari. Yalikaa tumboni muda wa kusali Salamu Maria tatu, yakarudi. Alipokuwa anamfuta mdomo alisema, bila kunitazama, "Ya tangu lini?"

Nikajifanya sikusikia.

"We Perrine. Nimezaa tisa. Najua mtu anayekimbia harufu ya samaki. Ya tangu lini?"

"Majilio, Mama. Kama ipo."

Nilitegemea anipige. Alikaa chini tu. "Ng'ombe anakauka," akasema. "Kikombe kimoja asubuhi, nusu jioni, na hicho ni cha Toinette. Ukimwachisha huyu leo atanyonya nini? Mchuzi?"

"Na nisipomwachisha?"

Akasema tukae kimya siku chache tuone. Wakijua mjini watamchukua wampe mwanamke yeyote watakayempata, na kwa baridi hii anaweza asifike.

5 Februari

Kijani. Ngozi ya mapajani imelegea, naweza kuikunja kwa vidole viwili.

7 Februari

Nimemnyonyesha nikiwa nimefumba macho. Niliwaza: kila tone ni mimi ninayefanya. Halafu anaponyamaza na kulegea, ninashukuru, kama mlevi. Toinette alikuja akasimama mbele yetu, hakupiga ngumi. Alimwekea kipande chake cha mkate tumboni.

9 Februari

Hakuongea alipoamka.

Nimeamua. Nimewaambia wakati wa kula. Kesho kutwa, upepo ukitulia, nampeleka kwa mama yake na kusema yote. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Watatufukuza kwenye ardhi," Mathurin akasema. "Shamba hili tumepewa kwa neno la Kapteni."

Hilo sikulijua. Miaka mitatu nimelima kabichi na vitunguu hapa bila kujua.

"Basi watufukuze," nikasema. "Sitakaa na kumwangalia anaisha ili nibaki na vitunguu."

Mathurin akatoka nje. Nikasikia shoka. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikaona amekata misonobari sita na kuipakia kwenye sleji.

"Ya Gervais," akasema. "Hajasimika mpaka leo."

11 Februari, asubuhi

Farasi amefungwa tayari. Naandika nikingoja mawe yapate moto ya kuweka miguuni.

Mama mkwe alimchukua Bwana Mdogo kumfunga nguo. Mathurin yuko nje. Nikaona hata kama ni dhambi lazima niseme. Nikamwambia, "Mama, mtoto huyu, baba yake..."

"Usiniambie." Alikuwa anavuta nguo taratibu. "Mtu akifa kwa homa ya siku moja, kisu chake hurudishwa kwa mama yake. Kisu, na ukanda. Mimi hawakuniletea kitu. Nilijua tangu siku ile Mathurin aliposhuka mtumbwini mikono mitupu."

"Na bado unambeba huyu?"

"Huyu hajamwacha mtu popote. Hata kutambaa hajui." Akampiga msalaba kipajini kwa kidole gumba. "Mathurin usimwambie kwamba najua. Anadhani ananificha. Mwache afanye hivyo."

12 Februari, mjini

Tumefika. Vidole vyangu viwili havina hisia lakini kalamu inashikika.

Nilimweka mtoto ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akilala ubavuni kwangu kama mkate. Njia ilikuwa safi mpaka mwisho wa misonobari yetu. Halafu upepo ukageuka. Theluji ikapeperuka chini chini, ukiangalia unaona kichwa cha farasi tu, miguu hana. Mathurin alishuka, akatangulia na nguzo akigonga barafu. Alisimika miti sita mbele ya kwa Gervais, mmoja mmoja, ili tuweze kurudi. Baada ya hapo hakukuwa na mti wowote mpaka ng'ambo, yaani na wao kule wana Gervais wao.

Farasi akakataa. Tulisimama. Mlio wa barafu ulipita chini yetu, mrefu, ukaishia mbali. Nikaweka mkono kwenye kinywa cha mtoto kuhisi pumzi. Nikaihisi. Nikauweka tena.

"Mathurin!"

"Nyamaza, natafuta mavi."

Nilidhani baridi imempanda kichwani. Alikuwa amepiga magoti, akifuta theluji kwa mikono. Akainuka na donge la mavi ya farasi lililoganda kama jiwe.

"Walipita hapa!" akapiga kelele, na alikuwa anacheka. "Mama Toinette, barabara ya Mfalme hii hapa!"

Hivyo ndivyo tulivyovuka, kutoka donge hadi donge. Mahali barafu ilipoinuka na sleji ikashindwa, Mathurin alinyoosha mikono. "Nipe." Nikampa. Akamweka ndani ya koti na kufunga vifungo. Alimbeba mpaka ng'ambo na hakunirudishia mpaka mlango wa Bibi de Montaubray.

13 Februari

Nilimfikiria Bibi kuwa mrefu. Ni mfupi kuliko mimi, ana miaka kumi na tisa, na vidole vyake vimevimba kwa baridi. Nyumba ni kubwa ila ina moto chumba kimoja.

Nikampa karatasi hizi. Sikuandika zile safi nilizosema. Nikamwambia, "Yote yamo, hata yasiyonipendezesha."

Akasoma amesimama dirishani. Bwana Lesourd alisoma juu ya bega lake, na alipofika Desemba akapiga kelele: "Umembemenda mtoto wa Kapteni! Mwanamke wewe, unajua ulichofanya?"

"Ninajua, Bwana. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

"Bwana Lesourd," Bibi akasema, "tupishe."

Karatasi ya ghalani aliisoma mara mbili. Niliona, kwa sababu macho yake yalirudi mwanzo. Ile ya kisu pia. Aliniuliza tu, "Nani atamnyonyesha sasa?"

"Wewe."

"Mimi? Walinifunga kifua siku ya tatu. Yamekauka. Na watu wa ngazi yetu..."

"Watu wa ngazi yenu wana matiti kama sisi, Bibi. Mtoto akivuta sana, maziwa husikia na kurudi. Itauma. Katikati mpe ya mbuzi wa masista kwa kijiko, yaliyochanganywa na maji. Nitakaa mpaka ujue."

Akavua shali. Nikamwekea mtoto, nikamshika kichwa kwa nyuma. Alitema, akalia, akashika. Bibi akauma midomo mpaka ikawa myeupe.

Baadaye, mtoto akiwa amelala juu yake, akasema: "Kapteni nilikaa naye miezi minne. Nakumbuka sauti ya viatu vyake kuliko uso."

14 Februari

Hakuna kitu bado. Maziwa ya mbuzi vijiko kumi, ametapika viwili.

15 Februari

Vijiko kumi na vinne. Ametapika kimoja.

16 Februari

Asubuhi nguo ya Bibi ilikuwa na alama mbichi, ndogo kama kitufe. Aliniita kwa sauti kubwa mpaka mpishi akaja mbio akidhani moto.

Naondoka leo. Karatasi zote za nyuma Bibi amezichukua, amenipa mpya. Hakusema kuhusu ardhi, na mimi sikuuliza. Nilipombusu mtoto aliniangalia kwa makini kama zamani. Nikafunga mlango haraka.

18 Februari, nyumbani

Matiti yanauma, magumu kama mawe. Nilimpa Toinette, akageuza uso. Ameshasahau. Mama mkwe amenifunga majani ya kabichi kifuani kupunguza maumivu.

6 Machi

Kesho Kwaresima. Hakuna habari. Gervais amesimika misonobari yake. Sasa, barafu ikianza kulainika.

11 Machi

Leo damu imekuja. Ya kawaida, kama ya kila mwezi, haikuwa na maumivu makubwa. Sijui kama kulikuwa na kitu kikatoka au hakikuwepo kamwe. Mama mkwe anasema hakikuwepo, kwamba mwili wa mwenye kunyonyesha huongopa. Basi samaki? "Samaki walikuwa wameoza, mwanangu. Hata mimi walinichafua tumbo."

Kwa hiyo maziwa yangu yalikuwa mazuri. Labda ni tumbo tu, na lingepita.

Nimefagia nyumba mara mbili.

20 Machi

Mvua juu ya barafu. Mathurin ameniuliza, "Unadhani anaongea bado akiamka?" Hajawahi kumtaja kabla ya leo.

3 Aprili

Mto umepasuka. Tena hakuna kwenda wala kuja. Naogopa kila kitu kinachoweza kufika na mtumbwi wa kwanza.

15 Aprili

Bado.

22 Aprili

Pasaka. Padre amemwombea Kapteni. Hakuna aliyesikia habari zake tangu mwaka jana. Mama mkwe alijibu "Amina" kwa sauti kuliko wote, sijui kwa ajili ya nani.

2 Mei

Bwana Lesourd amekuja. Nilimwona tangu mbali, nikashuka mpaka majini na viatu vyangu.

"Mtoto?" Nilipiga kelele kabla mtumbwi haujagusa.

"Ana meno mawili na anauma! Bibi anamnyonyesha mwenyewe, mji mzima unasema."

"Unasema nini?"

"Unasema tu." Kwa mara ya kwanza nimemwona akicheka. "Ardhi mbaki nayo, ndivyo alivyoagiza. Na sherehe imefanyika Jumapili, bila Gavana. Nilimwambia Bibi tumngoje Kapteni walau mpaka meli zije. Akaniambia nyumba hii imengoja vya kutosha."

Akanipa karatasi zangu za zamani, zimefungwa kwa utepe. Nilizifungua palepale. Kwenye karatasi ya kwanza, kwenye ile nafasi ya vidole vitatu, kuna mwandiko mzuri usio wangu.

Sikumwita Mathurin. Nilikwenda bustanini alipokuwa Mama mkwe anapanda vitunguu, nikachuchumaa karibu yake. Kusoma hajui.

"Wamemwita nani?" akauliza.

"Toussaint."

Mikono yake ikasimama udongoni.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akaniomba nimwonyeshe lilipo, nikamshika kidole na kukiweka juu yake. Akakipitisha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepima kitambaa.

"Ni refu," akasema. "Lote hili ni lake?"

"Lote, Mama."

Akarudi kwenye vitunguu. Pale kwenye jina sasa kuna alama ya udongo. Nimeiacha.